Foleni ya Mtaa wa California: hotuba kuhusu Hot Doug's

Hotuba hii niliitoa Jumamosi kwenye mkutano wetu wa wazungumzaji wa Kiswahili hapa Rogers Park, Chicago. Wengi mlikuwa kazini na mmeiomba, kwa hiyo naiweka yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale, pamoja na pale watu waliponikatiza.

*

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, mambo? Na wandugu wa Bukavu na Uvira mliojazana huko nyuma karibu na sufuria za pilau, muko? Nawaona. Mmechagua pazuri kuliko sisi wote.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nije nizungumzie biashara ya chakula, kwa sababu nusu ya kina mama waliomo humu wanauza sambusa na maandazi kwa oda, na nusu nyingine wanafikiria kuanza. Nikasema sawa. Akauliza, mfano wako utakuwa mgahawa gani? Nikamwambia Hot Doug's. Kimya kidogo. Kisha akasema, "Ule wa hotdogi? Si ulifungwa?"

Ulifungwa, ndiyo. Tarehe 3 Oktoba 2014.

"Sasa unakuja kutufundisha biashara kwa duka lililokufa?"

Ndiyo, mwenyekiti, ndicho kilichonileta. Ila hilo neno "kufa" nitalirudia baadaye, maana hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana.

Wangapi humu waliwahi kula pale? Nyosheni mikono, msione haya. Wachache. Basi hao wachache watanisahihisha nikikosea, na wengine nitawasimulia. Kwa wageni wa mji: Hot Doug's ulikuwa mgahawa wa soseji, mdogo tu, kwenye kona ya mtaa wa California na Roscoe, kule Avondale. Ulifunguliwa asubuhi saa nne na nusu, ulifungwa saa kumi jioni. Kadi ya benki hawakupokea. Jumapili hawakufungua kabisa. Kwa maelezo hayo, je, ungeweka pesa zako hapo? Mimi nisingeweka. Na bado watu walipanga foleni mpaka wakazunguka kona.

Kwanza tuelewane kuhusu hotdogi ya mji huu, maana kuna watu humu wana miaka kumi Chicago na bado wanakula ile ya kwenye kituo cha petroli.

Hotdogi ya Chicago ina taratibu zake. Skonzi laini yenye mbegu za popi, iliyopashwa kwa mvuke. Soseji ya nyama ya ng'ombe. Haradali ya njano. Kitunguu kilichokatwakatwa. Achari tamu ya kijani, kijani ambacho sijawahi kukiona kwenye mmea wowote alioumba Mungu. Vipande vya nyanya. Tango la siki lililopasuliwa kwa urefu. Pilipili ndogo za kwenye siki. Na juu kabisa, chumvi ya seleri. Nyanya, kitunguu, pilipili: ndugu zangu wa Nairobi mmeshaitambua. Hiyo ni smokie na kachumbari, imevaa koti la baridi tu.

(Sauti kutoka nyuma: "Na tomato sosi?")

Ahsante kwa swali. Hakuna. Mtoto mdogo anasamehewa. Mtu mzima akiomba tomato sosi kwenye hotdogi ya Chicago, wenyeji wanamtazama kama mtu aliyetia sukari kwenye mchuzi wa samaki.

Na nani aliileta? Wageni. Watu kama sisi. Mwaka 1893 mji huu ulifanya maonyesho makubwa ya dunia, na vijana wawili waliotoka Austria-Hungary, Emil Reichel na Samuel Ladany, wakawauzia waliokuja kutembea soseji zao za ng'ombe. Kutokana nao ikazaliwa kampuni ya Vienna Beef, ambayo jina lake mnaliona kwenye mabango ya vibanda kila upande wa mji. Kisha njooni Maxwell Street, soko la Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambako baadaye Waitalia, Wagiriki, Wamarekani weusi waliotoka kusini na Wameksiko wote waliuza na kununua. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929, kibanda cha Fluky's kikaanza kuuza pale hotdogi iliyojazwa mboga, pamoja na chipsi, kwa senti tano. Senti tano, na mtu anakwenda zake ameshiba. Kwa hiyo hiki wanachokiita chakula cha Chicago ni chakula cha watu waliofika na mizigo yao, Kiingereza kinawapiga chenga, wakatafuta kitu cha kuuza.

Ndugu zangu Waislamu, naona mnavyonitazama. Ng'ombe, sawa, lakini kachinjwa na nani? Haki yenu kuuliza. Hot Doug's walikuwa na hotdogi ya mboga, na rafiki yangu mmoja wa Tanga alikula hiyo hiyo miaka yote, na foleni alipanga kama sisi. Lakini soseji halali hapakuwa. Mwenye wazo la biashara humu ameshalipata. Tuendelee.

Mwenye duka anaitwa Doug Sohn. Alisomea upishi Kendall College, lakini wakati hadithi hii inaanza alikuwa mhariri wa vitabu vya mapishi, kazi ya ofisini, ya kukaa mezani. Siku moja mfanyakazi mwenzake akalalamika kwamba amekula hotdogi mbaya. Doug akashangaa. Hotdogi unaiharibuje? Wakaanza, yeye na wenzake wa ofisini, kuzunguka vibanda vya mji wakati wa chakula cha mchana, wanaonja, wanalinganisha, wanabishana. Ndipo akaona kwamba vibanda vingi vinafanya kile kile kwa namna ile ile, na kwamba kwenye skonzi kuna nafasi ya vitu vingine. Januari 2001 akafungua duka lake, kwanza karibu na makutano ya Roscoe na Western.

Mwaka 2004 moto ukaliunguza. Mngefanya nini? Mimi ningerudi ofisini. Yeye akatafuta kona nyingine, ile ya California, akaanza upya, na wateja wakamfuata.

Ndani ya duka lile palikuwa na makelele ya rangi. Kuta zilipakwa rangi kali kama za darasa la chekechea, na kila mahali pamebandikwa picha, mabango na vikorokoro vya soseji. Ubao wa vyakula ulikuwa juu ya kaunta, na soseji zilipewa majina ya watu maarufu. Ya Kipolandi iliitwa Elvis. Andouille, ile ya Louisiana, iliitwa Salma Hayek. Ile kali kuliko zote ilibadilishwa jina kadiri umaarufu wa mabinti wa Hollywood ulivyopanda na kushuka: ilianza kuwa Britney Spears, na ilipofika mwisho wa safari ilikuwa Anna Kendrick. Soseji ile ile, pilipili ile ile. Jina tu ndilo lililokuwa likistaafu.

Halafu palikuwa na soseji za wiki. Mamba. Kangaruu. Nguruwe pori. Nyoka, ndugu zangu, yule nyoka wa jangwani mwenye njuga mkiani. Rafiki yangu wa Tanga akiusoma ubao ule alikuwa anasema astaghfirullah kwa sauti, watu wa nyuma wanadhani anaagiza. Ijumaa na Jumamosi kulikuwa na chipsi zilizokaangwa kwa mafuta ya bata, na hizo, wacha niwe mkweli, mpaka leo nikizipita mtaani kwingine nasimama. Lakini hotdogi ya kawaida, yenye taratibu zote nilizozitaja, ilikuwa kama dola mbili. Mwenye suti na mwenye ovaroli walisimama mstari mmoja, na wote walikuwa na uwezo wa kula.

Sasa njooni kwenye foleni, maana hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Nilifika mji huu majira ya baridi ya 2007. Nilipata kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mwenzangu wa zamu ndiye aliyeniambia niende nikale pale. Nikaenda Ijumaa nikitokea kazini, sijalala. Nikakuta mstari umetoka mlangoni, umefuata ukuta, umekunja kona. Baridi ile mnaijua, ile inayokuingia mpaka kwenye meno. Nikajiambia, watu hawa wana kichaa. Kisha nikasimama nyuma yao.

Mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa Kipolandi, umri wa bibi yangu, mwenye kofia ya manyoya. Avondale ilikuwa ngome ya Wapolandi; kanisa lao kubwa la St. Hyacinth liko upande huo huo. Mama yule akaniona natetemeka, akanivuta kwa mkono wa koti akaniweka upande wa ukuta, upepo usinipige. Hakuniuliza kama nataka. Mnamjua mama wa namna hiyo, tunao humu wengi tu. Kisha akaanza kunifunda. Amua unachotaka kabla hujafika kaunta. Leo Ijumaa, agiza chipsi za bata. Hela iwe mkononi. Na usiulize tomato sosi mbele za watu.

Tulikaa kwenye foleni muda wa kutosha mtu kujua ukoo wa mwenzake. Nikajua baba yake alifanya kazi kwenye machinjio, na kwamba binti yake ana chumba cha chini kinatafuta mpangaji. Chumba kile nilikihamia mwezi uliofuata. Nilikaa mle mpaka nilipooa. Kwa hiyo mkiniuliza Hot Doug's ilinipa nini, nitawajibu hotdogi, chipsi na nyumba.

Tukafika kaunta. Na nani yuko kaunta? Mwenyewe. Doug Sohn, na miwani yake, ameshika kalamu. Alikuwa na wafanyakazi, angeweza kabisa kumweka kijana mmoja apokee oda yeye akakae nyuma ahesabu hela. Lakini nenda Jumatatu, yuko yeye. Nenda Jumamosi duka limefurika, yuko yeye. Kila oda ilipita mikononi mwake. Anakusalimu, anakutazama, mnaongea kidogo, anaandika, anapokea hela, anakuambia ukakae. Na hafanyi haraka! Nyuma yako kuna watu wamesimama saa nzima, na yeye anaongea na wewe kana kwamba ndiye mteja pekee aliyeingia leo.

Zamani nilidhani ule ni uzembe. Nikawa namtazama kila nikienda, na nikaanza kuona hesabu yake. Chakula kililetwa mezani. Viti vilikuwa vichache. Lau angepokea oda haraka, watu wangezagaa katikati ya duka hawana pa kukaa, na jiko lingelemewa. Yale mazungumzo yake ndiyo yalikuwa breki. Aliyemaliza kula anainuka, wewe unamaliza kulipa, unageuka, kiti kiko wazi. Mara zote nilizokwenda sikuona mtu amesimama na kikapu cha chakula mkononi akitafuta pa kukaa. Duka limejaa, foleni iko nje, na ndani hakuna anayesukumana. Mama zangu mnaopika shughuli za watu mia mbili mnajua jambo hilo lilivyo gumu.

Sasa niulize, na msikasirike. Nani anapokea simu za oda zenu? Nani anajibu ujumbe? Juzi niliagiza sambusa kwa mama mmoja, simtaji, anajijua. Sambusa zake nazipenda kuliko za mama yangu mzazi, na hilo msiende kulisema Morogoro. Nikaandika: "Shikamoo mama, habari za nyumbani, naomba sambusa hamsini za Jumamosi." Nikajibiwa: "Ok." Kumbe simu anashika mwanawe wa miaka kumi na mitatu.

(Kicheko kirefu. Sauti: "Nimemnyang'anya simu!")

Umefanya la maana, mama. Maana sambusa zako tutazipata, lakini tuliyempigia simu ni wewe. Mimi naamini watu walivumilia baridi ya Chicago kwa ajili ya dakika ile moja ya kaunta. Chakula kilikuwa kizuri, tena kizuri mno, lakini soseji nzuri zipo sehemu nyingi mji huu. Mahali ambapo mgeni asiyejua kutamka jina la chakula anapokelewa na mwenye duka mwenyewe, bila kuharakishwa, hapo mimi sikuwa na pengine. Na wale waliozaliwa hapa, wenye majumba yao, nao walikuja kutafuta hicho hicho. Ndicho kilichonishangaza.

Nisimulie na kile kisa cha faini, haraka haraka, maana kinahusu kata yetu.

Kuna chakula Wafaransa wanakiita foie gras: ini la bata aliyeshindiliwa chakula kwa bomba hadi ini linavimba na kunona. Aprili 2006 baraza la mji wa Chicago likapiga kura kulipiga marufuku kwenye migahawa, na kuanzia Agosti ikawa kosa kuliuza. Aliyeisukuma sheria ile alikuwa Joe Moore, diwani wa kata ya 49. Kata ya 49 ni ipi? Ni hii mliyokalia. Rogers Park. Hata meya wa wakati ule, Daley, aliiita sheria ya kijinga kuliko zote, lakini sheria ni sheria.

Doug Sohn alikuwa na soseji ya bata yenye ini lile juu yake. Wenye migahawa ya vitambaa vyeupe walinung'unika, wengine wakatafuta vichochoro vya kisheria. Yeye, muuza hotdogi, akaendelea kuiuza mchana kweupe, na soseji akaipa jina. Bahatisheni jina. Joe Moore! Idara ya afya ikamwandikia onyo, akalitia kwenye fremu akaliweka kaunta. Mwaka 2007 akatozwa faini ya dola 250, wa kwanza mjini kutozwa kwa sheria ile. Mei 2008 baraza likaifuta sheria.

Wengi wanakisimulia kisa hiki kama cha shujaa. Mimi nina mashaka kidogo. Yule bata naye ana upande wake kwenye hadithi, na diwani wetu alikuwa na hoja. Pia nawaomba wenye makaratasi yanayosubiri kujibiwa uhamiaji wasimwige mtu huyu hata siku moja. Onyo la idara ya afya wewe usilitie kwenye fremu, mtafute mwanasheria. Ninachokipenda pale ni kimoja tu: mji mzima ulibishana kuhusu chakula cha matajiri, na aliyesimama mbele alikuwa mtu mwenye duka ambalo mlo wake wa kawaida ni dola mbili.

Televisheni nazo zikaja. Anthony Bourdain, yule mpishi na mtangazaji wa vipindi vya chakula, Mungu amrehemu, alifika na kamera zake, na mwaka 2009 akaitaja Hot Doug's kwenye orodha yake ya sehemu 13 za kula kabla hujafa, pamoja na migahawa ya kifahari ya dunia. Foleni ikarefuka zaidi. Watalii wakaja na masanduku, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Kuna watu walijichora alama ya duka mwilini, chale ya kudumu, kwa sababu aliyejichora alikula bure. Na kaunta? Bado yuko yeye.

Basi sasa, mwenyekiti, nirudi kwenye lile neno lako.

Mei 2014 Doug Sohn akatangaza kwamba mwezi wa kumi anafunga. Haikuwa kufilisika, foleni ilikuwa bado inazunguka kona. Alisema wakati umefika wa kufanya jambo jingine. Mji ukapigwa na butwaa. Kiangazi kile foleni zilichukua muda wa saa tano, hata saa sita. Watu walikuja na viti vya kukunja, mpira wa watoto, karata. Mimi nilikwenda Septemba, nikala Elvis na chipsi, nikamshukuru, nikarudi kazini. Siku ya mwisho watu walilala nje ya duka toka usiku wa kuamkia. Sikwenda, nilikuwa zamu, na kusema kweli foleni ya kulala nje imenishinda tangu Tanzania.

Maneno yakawa mengi. Kwa nini asiuze jina? Kwa nini asifungue matawi ishirini, moja kila jimbo, akae nyumbani anahesabu? Jamaa yangu mmoja, mhasibu, yupo humu, alikasirika kama vile zilikuwa hela zake. Aliniambia ni upotevu, ni mtu kuchoma noti.

Nikamuuliza: matawi ishirini, kaunta ishirini. Atasimama ipi?

Hakunijibu mpaka leo. Unajibu? Haya, atanijibu kwenye pilau.

Duka lile lilikuwa mtu. Ukimtoa mtu unabakiwa na skonzi na haradali. Yeye alilijua hilo kabla yetu, na alipochoka kusimama hakutaka kumsimamisha mwingine avae uso wake. Kwa karibu miaka 14 alituhudumia kwa mikono yake, kisha akaifuta mikono. Hiyo inaitwaje kufa? Mwaka 2015 soseji zake zilianza kuuzwa kwenye uwanja wa besiboli wa Wrigley Field. Uliweza kuzila, lakini ilikuwa lazima kwanza ukate tiketi ya mchezo, na besiboli mimi mpaka leo inanishinda. Mtu anakimbia, anarudi alipotoka, watu wanashangilia.

Nasema haya nikiwa na mtu mmoja moyoni. Yupo humu, na nimemwomba ruhusa kabla sijapanda hapa. Mnakumbuka mama yetu aliyekuwa na meza zake sita, pilau ya Ijumaa, ugali na samaki siku nyingine, maharage ya nazi kila siku? Wengi wetu tulikula pale kwa mkopo. Daftari lake la madeni lilikuwa nene kuliko Biblia ya mchungaji. Akafunga. Mgongo ulikataa, na watoto wakamwambia, mama, inatosha.

Tulifanya nini sisi? Tulimwonea haya. Tukikutana naye kanisani au dukani tunamsalimia haraka, hatutaji mgahawa, kama vile tunapita mbele ya nyumba yenye msiba. Akaniambia mwenyewe: "Mwanangu, watu wananipa pole. Pole ya nini? Nimesomesha watoto watatu kwa maharage."

Mji wa Chicago ulipofungiwa Hot Doug's ulitoka nje ukapanga foleni ya kusema ahsante. Sisi mama yetu tulimpa pole kisha tukamkwepa. Kwa hiyo leo, kabla ya pilau, nataka tuipange ile foleni. Mama, naomba usimame pale karibu na dirisha, hapo hapo, wala usibebe kitu. Nyinyi wengine mtapita mmoja mmoja. Mtamtazama machoni, mtamwambia mlikuwa mnakula nini. Asiyekumbuka alikula nini aseme alikaa meza ipi. Wenye majina kwenye daftari, mama ameniambia daftari bado analo.

(Kicheko na makofi.)

La mwisho ni tangazo. Ukiacha sehemu zilizofungwa, zipo ambazo bado zimesimama, na sitaki mje mniambie mlikosa. Superdawg ipo Milwaukee Avenue toka 1948. Juu ya paa kuna sanamu mbili kubwa za hotdogi, mume na mke, mume amevaa ngozi ya chui, na macho yao yanakonyeza. Unaagiza ukiwa ndani ya gari, wanakuletea chakula hapo hapo dirishani, na ni familia ile ile iliyoianzisha ndiyo inayoiendesha. Tunakwenda Jumamosi ijayo mchana. Magari yaliyojitolea ni matatu, nafasi ni za waliojiandikisha kwa katibu. Kila mtu ajilipie. Waislamu, nimeshauliza chipsi zinakaangwa kwenye nini, nitawaambia pembeni. Na yule kijana wa nyuma aliyeuliza tomato sosi atapanda gari la mwenyekiti, maana kwangu hapandi.

Haya, foleni ianzie kwa wazee. Vijana wa Bukavu, wekeni sahani chini kwanza.